Tablet, macaroon ya kiazi, clootie au shortbread: Krismasi ya Kiskoti upike ipi?

Ikikaribia Desemba swali ni lilelile kutoka kwa wenzetu walioolewa au waliooa huku Uskoti, au waliokuja kusoma wakaalikwa kwenye familia ya watu, kwamba jamani katika hivi vitamutamu vyao vya Krismasi nipike kipi nisije nikaaibika mbele ya mama mkwe. Jibu langu fupi ni hili: kama ni zawadi ya kugawa pika tablet, vile vipande vitamu vya sukari na maziwa, kama jikoni kumejaa watoto tengeneza macaroon, kama familia nzima inashinda nyumbani siku yenyewe chemsha clootie dumpling, donge la unga na zabibu kavu linalochemshwa kwenye kitambaa, na kama hutaki presha kabisa weka shortbread, biskuti ya siagi, kwenye oveni ukakae. Jibu refu linafuata, na nakwambia mapema mimi ni mtu wa tablet kwa hiyo nitaipendelea kidogo, vumilia tu.

Ila kabla ya sufuria kuna kitu cha kuelewa kuhusu Krismasi ya huku, maana kinabadilisha kabisa unavyochagua. Uskoti Krismasi haikuwa sikukuu ya maana kwa muda mrefu sana. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, Wapresbiteri waliiona ni mambo ya Kikatoliki, bunge lao likafuta mapumziko ya Krismasi mwaka 1640, na tarehe 25 Desemba imekuja kuwa sikukuu ya mapumziko mwaka 1958 tu, yaani kuna mabibi wazima kabisa leo wanakumbuka baba zao wakienda kazini siku ya Krismasi. Shangwe yenyewe ilikuwa Hogmanay, mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba. Saa sita usiku ikishapita watu wanasubiri nani atakuwa wa kwanza kukanyaga kizingiti, inasemekana bahati inakuja akiwa mwanaume mwenye nywele nyeusi, na haji mikono mitupu, anabeba kipande cha makaa ya mawe, shortbread, black bun (keki nzito ya matunda makavu), chupa ya wiski. Kwa hiyo kitamutamu cha Krismasi ya Kiskoti kinapikwa katikati ya Desemba na kinatakiwa kiwe bado kinalika Januari mosi wageni wakigonga mlango. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, kinafika Hogmanay au hakifiki, ladha inakuja baadaye.

Sasa tablet. Ni sukari, siagi na maziwa, basi, hakuna kingine cha siri. Kwa trei ya kama sentimita 20 kwa 30 wengi wanaweka kilo moja ya sukari, siagi gramu 125, maziwa ya kawaida robo lita, na kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, lile la gramu 397. Ndio umesoma sawasawa, kilo moja, na kopo nalo lina sukari yake humohumo. Unatoka na karibu kilo moja na nusu ya vipande vya rangi ya karameli, vigumu ukivishika lakini vikifika mdomoni vinavunjika punjepunje halafu vinayeyuka. Aliyekulia pwani ataitambua ni ndugu wa kashata ya maziwa, ila hii haina iliki na utamu wake hauna haya hata kidogo.

Ni kitu cha zamani, imetajwa kwenye daftari la matumizi ya nyumbani la Lady Grisell Baillie mwanzoni mwa karne ya 18, enzi hizo ikiwa ni sukari na krimu, maana maziwa mazito ya kopo hayakuenea mpaka baada ya Gail Borden wa Marekani kupata hataza yake mwaka 1856. Na ukijiuliza Waskoti walipata wapi mazoea ya sukari kiasi hiki, angalia Mto Clyde. Kiwanda cha kwanza cha kusafisha sukari pale Greenock kilianza 1765, vikafuata vingine kibao, cha mwisho kikafungwa 1997, na kwa miaka mingi ya mwanzo sukari ghafi ilitoka Karibi kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Halmashauri ya jiji la Glasgow iliomba radhi mwaka 2022 kwa sehemu ya jiji lao kwenye biashara ile ya utumwa. Sikuambii hili ili ushindwe kula, ila kitu kikiitwa cha asili ya familia ni vizuri kujua na hiyo asili ilipitia wapi.

Hapa pana uamuzi mdogo ndani ya uamuzi mkubwa: krimu au kopo? Krimu inatoa ladha laini zaidi, ya kizamani, lakini kila krimu ina mafuta yake na maji yake kwa hiyo matokeo yanayumba. Kopo limeshapunguzwa maji kiwandani, kila kopo ni sawa na la jana, na ile ladha ya maziwa yaliyoiva ndiyo Waskoti wengi wa leo wamekua nayo. Kama unampikia mtu ambaye bibi yake alikuwa anatengeneza, weka kopo, krimu waachie wa kwenye hoteli.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Sukari, siagi na maziwa kwenye sufuria kubwa nzito, na nasema kubwa kweli, maana mchanganyiko ukichemka unapanda juu mara mbili tatu ya ulivyokuwa. Moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, ukiburuza mwiko chini usisikie chembe hata moja, hapa wengi wanaharakisha na ndio wanapata tablet yenye mchanga mkubwamkubwa. Ikishayeyuka tia kopo, ongeza moto, koroga bila kuacha maana maziwa yanashika chini fasta, dakika ishirini hivi au zaidi kidogo mpaka rangi igeuke na themomita isome nyuzi 118 za Selsiasi. Huna themomita? Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, ukilikusanya kwa vidole likawa kidonge laini kinachobonyea ujue tayari, na mabibi wengi wa huku hawajawahi kununua themomita maishani mwao. Toa kwenye moto, piga kwa mwiko kwa nguvu zote mpaka ule mng'ao ufifie na mkono uanze kusikia uzito, mimina kwenye trei uliyopaka siagi, halafu kabla haijakauka chora mistari ya kukatia kwa kisu.

Kupiga kwa mkono au kwa mashine? Mashine inamaliza kwa dakika tatu nne lakini ukizubaa kidogo inaganda ndani ya bakuli na utaikwangua kwa kisu. Mkono unachosha, unaweza kufika dakika kumi, ila unasikia kwenye mwiko pale inapobadilika. Mimi nasema mkono, na waite wanaume wa nyumba hiyo wapokezane, kwenye familia nyingi hiyo ndiyo kazi yao pekee jikoni Desemba nzima.

Watu wanaichanganya sana na fudge, na hata madukani kuna zinazouzwa kwa jina moja zikiwa ni nyingine. Vitu ni vilevile karibu, tofauti iko kwenye moto na kwenye kupiga. Fudge inachemshwa nyuzi pungufu kidogo, kawaida inaachwa ipoe kabla ya kupigwa, kwa hiyo chembe za sukari zinakuwa ndogo sana na inabaki laini inayotafunika. Tablet inapigwa ingali moto, chembe zinakua zaidi, ndio ule ugumu wa kuvunjika. Halafu fudge ni ya Wamarekani, ilisambaa miaka ya 1880 mwishoni, wanafunzi wa kike wa Vassar College wakiwa mstari wa mbele. Ukipeleka fudge nyumba ya Kiskoti watakula na watakushukuru, lakini hawataomba ya pili kwa macho yale.

Ubaya wa tablet ni mmoja na ni mkubwa: moto. Sukari ya nyuzi 118 ikikudondokea haimwagiki kama maji, inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Weka mkono chini ya bomba la maji ya baridi yanayotiririka dakika 20, hapana barafu, hapana siagi wala dawa ya meno. Kwa sababu hiyo watoto wadogo sitaki kuwaona jikoni kabisa wakati inachemka, na hapo ndipo macaroon inapoipiga tablet bao la wazi.

Macaroon ya Kiskoti haina uhusiano na vile vibiskuti vya rangirangi vya Kifaransa. Hii ni kiazi. Kiazi ulaya kabisa, kilichochemshwa na kupondwa, halafu kikamezwa na sukari ya aisingi. Usikunje uso. Kiazi kimoja kidogo, gramu 120 mpaka 150, kiponde bila chumvi wala maziwa, kipoe, halafu anza kutia sukari ya aisingi kidogo kidogo mpaka karibu nusu kilo. Cha ajabu ni kwamba sukari ya kwanza ikiingia kiazi kinakuwa uji, kinamwagika kabisa, na mtu anayefanya mara ya kwanza anadhani ameharibu, kumbe endelea tu kumimina sukari mpaka iwe donge zito. Linyooshe kwenye trei, friza kama saa moja, kata vipande, chovya kwenye chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa halafu viringisha kwenye nazi kavu iliyokaangwa ikawa ya dhahabu. Kampuni ya Lees ya Coatbridge, karibu na Glasgow, imekuwa ikiuza za kwao tangu 1931, na mtu mzima yeyote wa maeneo ya Glasgow ukimtajia tu jina hilo anaanza kuimba tangazo lao. Za dukani siku hizi hazina kiazi, kiazi kinaharibika mapema, kimebaki kwenye jikoni za nyumbani.

Watoto wanaipenda kupita maelezo. Kiazi wanaponda wao, sukari wanamwaga wao, nazi inajaa sakafu nzima, na moto unaotumika ni wa kuchemshia kiazi na kuyeyushia chokoleti tu. Furaha ya mtoto wa miaka sita kumwambia babu yake, babu umekula kiazi, hiyo tablet haiwezi kuitoa. Kwa upande mwingine kwenye kipimo cha Hogmanay inachechemea. Ina kiazi ndani, ikae kwenye friji, na wiki moja ndio muda ninaoujua mimi wa kula kwa amani, kwa hiyo itengenezwe tarehe 22 au 23 na iliwe. Ukitengeneza tarehe 10 ukaificha kabatini, shauri yako.

Kuna watu watasema nazi na chokoleti zinaifanya macaroon iwe tamu kuliko tablet. Sikubaliani. Chokoleti nyeusi chungu inaikata ile sukari, na nazi iliyokaangwa inaleta harufu, wakati tablet haina kinachoipunguza, imesimama peke yake na sukari yake. Ndio maana tablet inakatwa vipande vidogo vya sentimita mbili tu, kimoja na kahawa nyeusi au chai ya rangi, na anayekata vipande vikubwa kama sabuni ya kufulia hajui anachofanya.

Clootie dumpling ni mchezo mwingine kabisa, hii hailiwi ukiwa umesimama. Ni donge kubwa la unga wa ngano, mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, zabibu kavu nyingi, sukari, molasi kijiko, mdalasini na viungo vya keki, linafungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa kwenye sufuria ya maji kwa muda wa saa tatu hadi nne. Kitambaa unakimwagia maji ya moto kwanza, unakikamua, unakinyunyizia unga, na huo unga uliolowana ndio unakuja kuwa ngozi. Ngozi ndiyo kila kitu! Ukishaitoa kwenye maji unaivua kitambaa taratibu na kuiweka mbele ya moto au oveni ya joto dogo mpaka ngozi ikauke na kung'aa, na ndugu wanagombania vipande vya pembeni vyenye ngozi nyingi. Usifunge kitambaa kwa kukaza maana linavimba, na weka sahani iliyogeuzwa chini ya sufuria lisishike. Zamani walikuwa wanaficha ndani sarafu za fedha zilizofungwa kwenye karatasi, ukiipata umepata bahati, na pia unaweza kupata gharama ya daktari wa meno, kwa hiyo waambie wageni kabla hawajang'ata.

Kwangu mimi clootie ndiyo ya familia kuliko zote, sio kwa ladha ila kwa sababu inakulazimisha ukae nyumbani. Kwa masaa manne sufuria inatokota, madirisha yanafunga mvuke, maji yanaongezwa, watu wanaingia wanauliza bado? Huwezi kuifanya usiku ukitoka kazini. Na kesho yake asubuhi vipande vilivyobaki vinakaangwa kwenye siagi pamoja na mayai na nyama, na kuna watu watakuambia hicho kifungua kinywa ndicho walichokuwa wanakisubiri tangu mwanzo.

Ila kwa wengi wetu kuna suala la hayo mafuta. Kama nyumbani mnakula halali, mafuta ya ng'ombe ya supamaketi ya kawaida hayatafaa, uliza bucha ya halali au chukua yale ya mimea ambayo yanauzwa kila mahali na yanafanya kazi vizuri tu. Tablet haina tatizo hilo, ni maziwa na sukari, na haina ngano kwa hiyo hata yule shemeji ambaye ngano inamsumbua tumbo atakula. Shortbread na clootie hatazigusa. Mwenye kisukari kwa kweli hapa hana pa kujificha, labda kipande chembamba cha shortbread.

Shortbread nisiitese. Unga gramu 300, siagi 200, sukari 100, yaani tatu mbili moja, kichwani unaikumbuka mpaka uzeeni. Ukibadilisha vijiko viwili vya unga wa ngano ukaweka unga wa mchele inakatika vizuri zaidi. Usiikande kama maandazi, ikusanye tu, itandaze, ichome kwa uma, oveni nyuzi 150 mpaka 160, dakika arobaini hivi, itoke ikiwa bado nyeupe ya krimu, sio kahawia. Kata ingali moto. Ndani ya bati lililofungwa vizuri inafika Hogmanay bila wasiwasi, na ni lazima siagi iwe siagi kweli, ukiweka majarini umetengeneza biskuti ya kawaida. Inakosa nini? Inakosa tukio. Kila duka la uwanja wa ndege Edinburgh limejaa shortbread, kwa hiyo hata ya mkono wako ikiwa nzuri mara mia mtu anaipokea kama kitu anachokijua. Tablet ya nyumbani mtu anaipokea kwa mikono miwili.

Na kwa kusafirisha pia tablet inashinda. Ifunge kwenye karatasi ya kuokea, ndani ya bati, isiwekwe friji maana inavuta unyevu, itakaa wiki mbili tatu bila shida na itasafiri kwenye begi mpaka nyumbani ikiwa nzima. Shortbread inafika makombo, chokoleti ya macaroon inayeyuka njiani, na clootie, jamani, nani anapanda ndege na donge la kilo mbili lenye ngozi.

Ikiharibika je? Tablet ina rehema hapa kuliko watu wanavyodhani. Haijaganda, imebaki kama gundi, ujue haikuchemka vya kutosha, irudishe sufuriani na maziwa kidogo, iyeyushe taratibu, ichemshe tena na upige upya. Imekuwa kavu ya kumong'onyoka, umepitiliza, dawa ni ileile. Makombo yasiyookoleka weka juu ya aiskrimu. Clootie iliyopasuka ndani ya maji haina dawa, na macaroon laini unaweza kuongeza sukari tu. Shortbread iliyoungua ni ya ndege.

Sasa nyie wa nyumbani mnaotaka kujaribu, kuna mambo mawili ambayo maelekezo ya Uskoti hayatawaambia kwa sababu wao wanapika karibu na usawa wa bahari na kwenye baridi. Nairobi iko juu kama mita 1,700, maji yanachemkia nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo hata sharubati ya sukari inafika ukali uleule kwenye nyuzi pungufu. Ukisubiri 118 ukiwa Nairobi umeshapitiliza, simama kwenye 112, au pima kwanza maji yako yanachemkia ngapi halafu ongeza 18. Kwa wa Eldoret ni chini zaidi. Au achana na themomita kabisa, lile tone kwenye maji baridi linasema kweli popote ulipo.

Dar, Tanga na Mombasa tatizo ni unyevu. Desemba hewa ni nzito na sukari inavuta maji, tablet ikikaa wazi jioni moja tu juu inaanza kunata. Pika asubuhi, ikipoa tu ifunge, na igaweni haraka. Macaroon kwa joto la pwani ni kujitafutia kazi, chokoleti haitashika nje ya friji, japo nazi mnayo freshi ya kukuna na kukaanga wenyewe na hapo mnawashinda Waskoti kwa mbali. Kama una jiko la mkaa na siku nzima ya kukaa na ndugu, fanya clootie, mdalasini na zabibu kavu viko soko lolote, haitaki oveni wala friji, na mkaa unatulia vizuri kwa yale masaa manne. Angalia tu maji yasikauke.